Mkanda Tulioupigia Kura

Kabla ya jambo lolote kutokea, hali ilikuwa hivi. Karakana yetu ilikuwa Mtoni, karibu na Barabara ya Kilwa, ndani ya uzio wa mabati yaliyoungwaungwa kama shuka la maskini. Tulihudumia mitambo ya vijiji vya pwani ya kusini: pampu za maji, vinu vya kukobolea, matrekta, na chochote kingine chenye injini iliyochoka. Nchi ilikuwa imeshika njia ya Ujamaa miaka michache nyuma. Vipuri vilikuwa adimu, kiasi kwamba beringi nzuri ilihama kutoka gari hili hadi lile kama mgeni anayelala nyumba kwa nyumba. Kila asubuhi, kabla ya spana kuguswa, wafanyakazi wote tulikaa kikao, na jambo lolote lililohusu kazi liliweza kuletwa mbele ya wote na kuamuliwa kwa kunyoosha mikono. Utaratibu huo ulikuwa mwema. Uliwapa sauti watu ambao wakati wa ukoloni walikuwa wakiitwa kwa miluzi. Nawaomba, vijana mnaoanza ufundi leo, muushike wema wake kabla sijawaeleza jinsi tulivyoutumia vibaya.

Ndani ya uzio huo palikuwa na magari mawili ya theluji.

Najua mnacheka. Sisi pia tulicheka siku yaliposhushwa, yamepakwa rangi ya chungwa bivu, hayana tairi hata moja. Yalikuwa msaada wa nchi moja rafiki ya kaskazini, ambako ardhi hulala chini ya barafu nusu ya mwaka. Chini ya kila gari palikuwa na mikanda miwili mipana ya mpira, iliyokazwa kwa pao za chuma, ikizungushwa na magurudumu yenye meno yaliyokuwa mbele. Nyuma kabisa palikuwa na gurudumu laini lililoushika mkanda usitoke, na katikati safu ya vigurudumu vidogo vilivyobebwa na springi. Mtu fulani ofisini alikuwa amefikiri kwamba kitu kinachoelea juu ya theluji kitaelea pia juu ya matope. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Mimi mwenyewe niliisifu.

Gari moja lilikuwa refu, na injini yake ilikuwa imekunywa maji ya bahari njiani, ilikuwa imekwisha. La pili lilikuwa fupi, zima kabisa. Tulilijaribu hilo fupi kwenye matope ya Mto Mzinga, nalo likazama hadi tumboni kabla dereva hajamaliza kusema bismillahi. Mkanda wake ulikuwa mfupi, na uzito wote ulikaa mahali padogo. Ndipo ikaamuliwa tuchukue mikanda mirefu ya gari lililokufa na kuivisha lile fupi. Kazi hiyo tulipewa watu wawili: Mzee Chilumba na mimi.

Mzee Chilumba alikuwa fundi mkuu wetu, Mmakonde wa Newala, mtu mfupi mwenye mabega ya mlango. Katika Vita Vikuu vya Pili alikuwa fundi wa magari ya minyororo huko jangwani, na hadi anazeeka alitembea kama mtu anayekaguliwa. Mimi nilitokea Tabora. Mapadre wa seminari walinifundisha Kilatini na jiometri wakitumaini nitakuwa mmoja wao. Nilipowavunja moyo, jiometri ilibaki nami na Kilatini kikaenda zake. Kazi yangu ilikuwa kupima na kuchora. Karakana nzima iliniita Bwana Pembemraba.

Wiki yangu ya kwanza kazini, Mzee Chilumba alinituma nikate na kuunganisha kipande cha fremu. Nilikikata wima, sawasawa kabisa, nikakipeleka kikachomelewe, kisha nikamletea kwa fahari. Alikibana kwenye jiliwa, akakipiga nyundo moja tu. Kikatengana pale pale nilipokiunganisha.

“Umenikatia mkate,” alisema. “Chuma si mkate, mwanangu. Ukikipa njia iliyonyooka, kitaifuata siku ya kuvunjika.”

Kisha akanionyesha kukata kwa mshazari, kupandisha ncha moja juu ya nyingine, na kuweka kiraka chenye umbo la kashata juu ya mshono, ili mzigo usipate mahali pamoja pa kuegemea. Leo mna mashine zinazokata chuma kwa mwanga, na sina neno nazo. Lakini mkiunganisha fremu, kateni mshazari.

Sasa nieleze tulivyolirefusha gari, maana kazi yenyewe, nikiitazama hata leo, ilikuwa nzuri.

Mkanda mrefu haukai kwenye gari fupi kwa kutamani tu. Gurudumu la nyuma ni lazima lirudi nyuma, na kwa gari lile lilihitaji kurudi kiasi cha urefu wa mkono wa mtu. Reli zilizobeba vigurudumu tulizirefusha kwa vipande vya fremu ya lori bovu, kwa mshazari na viraka kama nilivyoeleza. Wengi wangeishia hapo na kusema kazi imekwisha. Ukilirudisha gurudumu peke yake na kuziacha springi mahali pake pa zamani, sehemu uliyoiongeza inaning’inia kama ulimi: haibebi kitu, na gari likiongeza mwendo linainua pua. Kwa hiyo tuliuhamisha pia mhimili wa mkono wa nyuma, ule unaoegemewa na springi. Springi zenyewe zilikuwa laini mno kwa urefu mpya. Tukatoa majani mawili ya chuma kwenye springi ya lori, Mzee Chilumba akayapasha moto na kuyapunguza unene, tukayaweka kuzisaidia. Katika pengo lililobaki tuliongeza kigurudumu kimoja zaidi kila upande, tulichokirithi kutoka kwa gari refu.

Halafu nikadai tupime msalaba. Mafundi waliona ni ushamba wa seminari. Nilifunga kamba kutoka gurudumu la mbele kushoto hadi la nyuma kulia, kisha kinyume chake, na tukakuta kamba moja inaizidi nyingine kwa unene wa kijiti cha kiberiti. Wakasema hiyo ni tofauti ya kijiti tu. Nikawaambia kwamba kadiri mkanda unavyorefuka ndivyo kosa dogo la nyuma linavyouvuta upande, hadi uipande reli na kutoka. Mzee Chilumba alifikiri kidogo, akaamuru tufungue upya. “Huyu,” aliwaambia wenzake, “shule haijamwua kabisa.” Sikuwahi kupewa sifa kubwa zaidi na mtu yeyote, na nilitembea nayo kifuani siku nyingi kama medali.

Nayasema haya ili mfahamu kwamba hatukuwa wazembe.

Tulipouvisha mkanda, sehemu yake ya juu ililegea kidogo kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, na gari lilipotembea ilipiga bati kwa mlio wa kofi. Makabidhiano yalikuwa yamekwisha kupangwa. Gari lingepelekwa kijiji kimoja pembeni mwa Kimbiji, na mgeni rasmi angekuja kulikabidhi. Asubuhi moja kikaoni, dereva wetu Zuberi, mzaliwa wa Mbagala ambaye hakupata kunyamaza hata akiwa mezani, alinyoosha mkono.

“Jamani, mie ndo nitakayeliendesha mbele ya wakubwa,” alisema. “Hivi lilivyo, linapiga makofi kabla mgeni hajahutubia. Watasema tumewaletea gari limevaa suruali ya babake.”

Kikao kizima kilicheka. Hoja ikachukuliwa: mkanda uachwe ulivyo, au ukazwe?

Mzee Chilumba alisema kwamba jangwani mnyororo uliolegea ulikuwa ukitoka kwenye magurudumu na kuwaua watu, na kwamba mnyororo ni askari, haulegei. Mimi nikasimama baada yake. Nilieleza kwa utaratibu jinsi mkanda uliokazwa unavyofuata njia fupi kuliko zote kati ya magurudumu, jinsi usivyopoteza nguvu, jinsi usivyojikwaruza. Nilisema kwa ufasaha. Watu walitikisa vichwa kwa ridhaa. Ukiondoa kule kuzama kwa mara moja Mto Mzinga, kati yetu sote hakuna aliyewahi kuendesha mkanda ndani ya matope. Tulikuwa watu wa barabara za kifusi na mzee wetu alikuwa mtu wa mchanga. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza swali la matope, na jambo ambalo lilipaswa kuulizwa kwa udongo likaulizwa kwa kikao. Mikono yote ilinyooka, wangu ukiwamo. Tukazungusha nati za gurudumu la nyuma hadi mkanda, ukigongwa kwa spana, ukalia kama ngoma iliyopashwa moto.

Lori lilibeba gari letu kupitia Mbagala na Kongowe, kisha likaingia njia ya mchanga kuelekea pwani. Kijiji kilikuwa juu ya mwinuko wa minazi. Chini yake palikuwa na bonde pana la matope meusi, na ng’ambo ya bonde, mbali, shamba la pamoja la mpunga, ambao mwaka ule ulikuwa umeiva vizuri ajabu. Hapo ndipo nilipokutana na mwenyekiti wa kijiji, Bi. Mwanahawa, Mzaramo wa umri wa mama yangu, mrefu, mwenye sauti ya kuita watu kutoka shamba la mbali.

Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akaniuliza kabila langu bila kupoteza muda. Nilipomjibu kuwa mimi ni Mnyamwezi, alinivua kofia yangu kichwani, akaivaa yeye juu ya ushungi wake.

“Kumbe nimeletewa mtani,” alisema. “Kofia hii imefika kwa mwenyewe. Na weye usisogee karibu na bonde, kwenu Tabora maji mnayaona kwenye mtungi tu.”

Ninyi wa siku hizi huenda utani mmeusikia kwenye hotuba za harusi. Kwetu ulikuwa sheria. Mnyamwezi na Mzaramo waliruhusiwa kutukanana, kunyang’anyana vitu na kudhihakiana hata msibani, na aliyekasirika ndiye aliyekuwa na makosa. Nikamjibu kwamba Wazaramo wangekuwa wamekwisha kujenga daraja bondeni kama siku ingekuwa na saa ambazo hazina ngoma. Alicheka hadi akajishika kiuno. Kuanzia hapo alizunguka na kofia yangu kijiji kizima, akiniita mtani hadharani, na mimi, kijana wa bara asiye na ndugu hata mmoja upande huu, nilijiona nimepata nyumba.

Sherehe ilifana. Zuberi aliliendesha gari kwenye majani makavu mbele ya jukwaa, limenyooka, kimya, mikanda imebana kama sare ya gwaride. Mgeni rasmi alipiga makofi, akahutubia kwa kirefu juu ya kujitegemea akiwa kando ya gari la msaada, akaondoka kwa Landrova yake kabla gari halijagusa tone la tope.

Watu walipotawanyika, Bi. Mwanahawa alinifuata. Hakuwa anacheka. Alinieleza kwamba desturi yao, wakati wa kuvuna, ni kila mtu kurudi jioni na alichokikata siku ile akikibeba kichwani, akivuka bonde kwa njia ya magogo. Safari ilikula nusu ya siku, na mavuno yalichelewa. Mwaka huu bamvua, yale maji makuu ya bahari yanayopanda mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, yangekuja kabla mavuno hayajakwisha na yangeweza kukutana na mvua za mwisho za masika. Wangeweza kukata haraka zaidi kama wasingebeba. Wangeurundika mpunga wote ng’ambo, kisha gari liubebe kwa siku moja au mbili.

“Lakini tukirundika, mtani, tumejifunga,” alisema. “Zile kaya zote chakula chao cha mwaka kinalala kule kwenye tope. Niambie kwa haki. Turundike?”

Nilitazama gari. Nilikumbuka kamba zangu na kijiti cha kiberiti.

“Rundikeni,” nilisema.

Zuberi na mimi tulibaki kijijini kungoja. Mngeuliza, na mna haki ya kuuliza, kwa nini katika siku hizo za kungoja hatukuliingiza gari bondeni kulijaribu. Jibu linanifedhehesha kuliko kosa lenyewe. Wanakijiji walikuwa wamelijengea banda la makuti. Wazee walikuwa wakienda asubuhi kulifuta umande kwa kanga kuukuu. Rangi ilikuwa bado inang’aa kwa ajili ya picha iliyoahidiwa na watu wa mkoani, na kulichafua kabla ya siku yake kulionekana kama kumvisha bibi harusi nguo ya jikoni. Kwa hiyo lilikaa kivulini, na sisi tukakaa kando yake tukila samaki wa watu.

Siku ya kubeba ilipofika, kijiji kizima kilijipanga ukingoni, na ngoma zilikuwapo. Safari ya kwenda, gari likivuta tela tupu, ilikuwa kama ndoto ya yule mtu wa ofisini. Mkanda mrefu ulilibeba juu ya tope na kuacha alama tu. Watu walishangilia. Ng’ambo walipakia mafungu ya mpunga hadi tela likawa kama nyumba, na Zuberi akageuza.

Nilikuwa nimesimama kwenye magogo katikati ya bonde, ndiyo sababu niliona vizuri. Theluji, kama nilivyokuja kufahamu baadaye, hudondoka yenyewe kutoka kwenye mkanda. Udongo wetu wa mfinyanzi haudondoki. Gari lilipobeba mzigo na kukanyaga kwa nguvu, tope lililochanganyika na mabua lilipanda na mkanda, likaingia kati ya mpira na magurudumu, likashindiliwa kila mzunguko hadi likawa gumu kama tofali. Magurudumu yalikuwa kana kwamba yananenepa. Mkanda ulihitaji nafasi ya kupanuka, nayo nafasi hiyo tulikuwa tumeiondoa kwa kura. Kitu kimoja kilikuwa lazima kikubali kushindwa. Mishono ya Mzee Chilumba haikukubali. Ilishika hadi mwisho. Ekseli ya gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, ndiyo iliyokatika, kwa mlio uliosikika ukingoni, na mkono mzima wa springi ukajipinda kwenda nje. Mkanda ukachanika, pao zake zikang’oka moja baada ya nyingine. Gari lililala ubavu na kukaa chini taratibu, kama ng’ombe.

Zuberi alizima injini. Ngoma zikanyamaza. Kisha sauti ya Bi. Mwanahawa ikaja kutoka ukingoni:

“Mtani, gari lako nalo Mnyamwezi? Limeona maji limekaa chini.”

Kijiji kizima kilicheka, na mimi nikacheka nao, nikainua mikono kama mtu aliyekamatwa. Sijawahi kushukuru kicheko kama kile. Niliwaambia kesho tutalitengeneza. Nililisema hilo kabla sijainama kutazama.

Nilipoinama, niliona kwamba hapakuwa na cha kutengeneza. Zuberi alipanda lori la nazi kwenda Mtoni kuomba ekseli, akarudi kesho yake jioni na Mzee Chilumba mwenyewe badala ya ekseli. Mzee aliingia bondeni na viatu vyake. Aliingiza kidole kati ya mkanda na gurudumu, akabandua kipande cha udongo uliokauka, akakigeuzageuza mkononi kwa muda mrefu.

“Jangwani mchanga ulikuwa unamwagika wenyewe,” alisema. Alikaa juu ya gogo akiwa ameinamisha kichwa, na mimi sikuweza kukaa karibu naye, maana nilijua kwamba kama mwanafunzi wake msomi asingesimama kumpamba kwa jiometri siku ile kikaoni, huenda mtu mmoja angesita.

Asubuhi iliyofuata mawingu yalikuwa yamefunga upande wa bahari. Nilikuwa nikijaribu kunyoosha mkono wa springi kwa jeki na gogo, kazi isiyo na maana, niliyoifanya ili nionekane nafanya kazi. Bi. Mwanahawa alikuja na wanawake kadhaa nyuma yake. Nilijiandaa kwa mzaha. Nilikuwa hata na jibu langu tayari.

Alivua kofia yangu, akaipangusa vumbi kwa kiganja, akanipa.

“Ndugu fundi,” alisema, “tumeingia chini ya rundo. Ukitia mkono ndani, kuna joto. Mpunga umeanza kuvunda. Tunakuuliza: tubebe, au tungoje?”

Ndugu. Ndilo neno tulilotumia siku zile kwa kila mtu, kwa waziri na kwa mfagizi, na lilikuwa neno la heshima. Lakini mtu hamtanii mgeni. Aliponiita hivyo nilielewa kuwa ameniondoa nyumbani mwake kwa adabu kamili, bila hasira ambayo ningeweza kuijibu.

“Bebeni, mama,” nilisema.

“Ahsante,” alisema, akageuka.

Walibeba. Wanaume, wanawake, wazee waliokuwa wakilifuta gari umande, wote walivuka bonde kwa njia ya magogo na mafungu vichwani, wakarudi, wakavuka tena. Mvua ilianza kabla ya adhuhuri. Mzee Chilumba alibeba kama kijana wa jeshini. Zuberi alibeba nyuma yake. Mimi nilijaribu. Sikuwa nimewahi kubeba kitu kichwani tangu utoto; seminari haikutufundisha. Katikati ya magogo fungu liliniyumbisha, na mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma yangu, ana mtoto mgongoni na mzigo wake kichwani, alinyoosha mkono akalishika lisianguke. Hakunitukana. Tangu asubuhi ile hakuna mtu kijijini aliyenitukana, na nilipita kati yao kama mtu aliyefunikwa kwa shuka.

Kesho yake bamvua ilipanda bondeni ikakutana na maji ya mvua. Njia ya magogo ilizama. Sehemu kubwa ya rundo ilikuwa bado ng’ambo.

Vijana, mkifanya kazi kwenye matope, acheni mkanda ulegee. Acheni upige makofi. Nendeni mkaingie ndani ya tope lenyewe kabla ya siku ya sherehe, na mrudi wachafu. Na kikao kikiwauliza kuhusu udongo, kiambieni kiende kikaushike. Haya ni maneno machache, na mtu angeweza kuyasema bila hadithi yote hii; lakini nimeona kwamba maneno ya aina hiyo hayashiki kwa mtu ambaye hajaambiwa yaligharimu nini.

Yaliyofuata ni haya. Mpunga uliobaki ng’ambo ulichipua ndani ya rundo na kuoza. Kijiji kile kilikula muhogo hadi mavuno yaliyofuata, na baadhi ya kaya zilihamia Mbagala, hazikurudi. Gari lilitolewa bondeni kwa kamba, likavutwa na watu wale wale. Mzee Chilumba alilitengeneza upya: aliuunga mkanda uliochanika, akautoboa matundu ili tope lipite, akaulegeza kiasi cha upana wa kiganja, na lilifanya kazi vizuri miaka kadhaa mahali pengine, maana kijiji kile hakikulitaka tena. Kule Kimbiji waliendelea kubeba mpunga wao kichwani kila jioni. Nilikwenda mara nyingi kwa kazi ya pampu yao, na kila mara Bi. Mwanahawa alinikaribisha vizuri, akanipikia, akaniita ndugu fundi. Alipofariki nilikwenda mazishini. Wanyamwezi wengine walikuwapo, wameuzuia mlango maiti asitolewe, kama watani wafanyavyo, wamelala ndani ya kaburi wakidai chao, wanamwiga alivyokuwa akiita watu kwa sauti, na wafiwa wanacheka huku wanalia. Mimi nilikaribishwa kwenye mkeka wa wageni kutoka mjini, nikakaa hapo.